Chaki Ndani ya Trela ya Mikate

Jumamosi iliyopita nilistaafu, na nina miaka kumi na minane. Kiprono, fundi mwenzangu karakana, alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo ya rangi. Ati mtu anastaafu kabla hajachukua kitambulisho! Mzee Barasa, mwenye karakana, akamwambia anyamaze, kwamba mtu akimaliza kazi mahali amemaliza, na habari ya umri ni ya mama yake. Tulikunywa soda na kula mandazi, nikarudisha miwani ya kuchomelea kwenye msumari wake, kisha Mzee akaniambia niwaandikie nyinyi wawili mnaoanza likizo ijayo.

"Mdomo wako ni mgumu," akasema, "lakini kalamu nimeiona. Kila saa ya chai uko nyuma ya mashine unaandika. Basi waandikie hao watoto, wasikuje hapa kunichosha na maswali."

Kwa hiyo haya ndiyo majibu yenu. Habari za malipo sitaziandika. Muulizeni Mzee mwenyewe, na mmuulize akishakunywa chai.

Mimi naitwa Nanjala, lakini hapo karakana mtasikia nikiitwa Sailensa. Ni ile bomba ya chini ya gari inayonyamazisha injini. Kiprono ndiye aliyenipa hilo jina siku yangu ya kwanza, na sikumjibu, kwa hiyo likakaa.

Nilianza likizo ya kwanza ya Form One. Mama yangu aliona nashinda ndani nikisoma magazeti yaliyofungiwa nyama, akasema msichana asiyetoka nje atasahau kutembea. Mzee Barasa tulikuwa tunasali naye kanisa moja, na mama akanipeleka kwake. Alikuja Eldoret kutoka upande wa Bungoma akiwa kijana, akachomelea mageti ya nusu ya mtaa wa Kiplombe, na karakana yake ndiyo hiyo mtakayoikuta: ua wa mabati, mti mmoja wa mkaratusi, na mashine ya kuchomelea inayonguruma kama mtu mwenye mafua. Wakati huo ubao wa nje uliandikwa MAGETI, MADIRISHA NA MENGINEYO. Mengineyo yalikuwa vibanda vya mabati na vizimba vya kuku.

Siku hiyo ya kwanza aliingia mteja, akaniuliza kama mwenyewe yupo. Ningejibu ndiyo tu. Badala yake nilienda kujificha nyuma ya geti. Lilikuwa geti la nondo. Yule mteja alinitazama katikati ya nondo, nami nikamtazama, mpaka Mzee akatoka nyuma na kutuokoa wote wawili.

Nilijua nitarudishwa nyumbani. Mzee Barasa alinyoosha mgongo, akanipima kwa macho kama mtu anayechagua bomba, akamwambia Kiprono, "Huyu hapendi kuonekana. Mwache. Kuna kazi ya ndani hapa ambayo wewe umekuwa ukiifanya vibaya."

Kazi ya ndani tunaiita kazi ya jicho, na nyinyi mtaianza siku ya kwanza kama mimi. Kibanda kikiisha kufunikwa mabati, mtu anaingia ndani na kipande cha chaki, mlango unafungwa, na nje jua liko juu. Mnaziba hata lile tundu la kufuli. Mwanzo huoni kitu. Ukingoja kidogo macho yanazoea, halafu unaanza kuona nyota: pale riveti, ile pini ya kubana mabati, haikukaza, pale ncha mbili za mabati hazikukutana. Kila nyota unaizungushia duara la chaki. Ukimaliza unagonga mara mbili, unafunguliwa, na mtu wa silikoni, ile gundi ya mpira, anaingia kuziba kila penye duara.

Sheria ya Mzee ni moja tu katika kazi hii. Chaki haibishaniwi. Penye duara lazima kitu kifanyike, hata kama aliyechora ni mtoto na anayeziba ni fundi wa miaka. Anasema mtu aliyekuwa gizani ameona na wewe uliyekuwa kwa jua hukuona, kwa hiyo shika bunduki yako ya silikoni ufanye kazi.

Nilipenda kazi hiyo kuliko ninavyoweza kueleza. Giza, harufu ya chuma kipya, na hakuna mtu wa kukuuliza maswali. Kiprono alikuwa akitoka humo analalamika kiuno. Mimi walikuwa wanasahau kunitoa, na sikugonga.

Halafu nikajifunza mengine pole pole, kila likizo kitu kimoja. Kushika ncha ya futi bila kuitingisha. Kugonga gamba linalobaki juu ya palipochomelewa kwa nyundo ile ndogo, uso ukiwa upande, kwa sababu gamba likiwa moto linatafuta jicho. Na kamba. Mtakapotengeneza fremu yoyote, Mzee atawapa kamba na atanyamaza. Msipime pande tu. Vuta kamba kutoka kona hii mpaka kona ile ya mshazari, weka alama, halafu vuta kona zile nyingine mbili. Kamba zikilingana, fremu imenyooka. Zisipolingana, hata kama pande zote ni sawa, mmetengeneza kitu cha kulala upande, na mtajua siku ya kufunga mlango. Kiprono alinicheka niliporudia kuvuta mara nyingi. Mlango wa kibanda alichokipima yeye kwa macho mpaka leo unafungwa kwa teke.

Nilipokuwa Form Three, likizo ya Aprili, Mama Njeri aliingia na pikapu yake.

Mama Njeri anaoka mikate na skonzi hapo juu karibu na sisi. Ni mama mnene wa sauti kubwa, na aproni yake ina unga hata akienda benki. Alikuwa amepata kandarasi ya kupeleka mikate kwenye kantini za shule za upande wa Burnt Forest, na pikapu ilikuwa haitoshi tena. Alitaka trela ya kuvutwa nyuma, iliyofunikwa kabisa, isiyoingiza mvua wala vumbi.

Mzee Barasa hakuwa ametengeneza trela maishani mwake. Alimwambia, "Hiyo ni kazi ndogo." Mama Njeri alipoondoka tu, Mzee akakaa kwenye kiti akaomba maji.

Trela hiyo tuliipa kila tulichojua. Ekseli ilitoka kwa pikapu moja kuukuu, tukaichomelea chasisi ya chaneli, vile vyuma vya umbo la mfereji, halafu fremu ya bomba za mraba juu yake, na kamba zikalingana mara ya kwanza. Mbavu za paa tulizipanga karibu karibu. Shiti za bati hatukuzichomelea, kwa sababu shiti nyembamba ukiichomelea inakunjamana kama chapati; tulizipiga riveti. Kabla ya kulaza shiti, unafuta mafuta yote kwenye bomba kwa kitambaa chenye petroli, unapitisha mstari wa silikoni, unalaza, unapiga riveti, kisha unapitisha mstari mwingine kwa nje na kuusawazisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Msitumie mate. Kiprono hutumia mate. Paa lilikuwa shiti moja nzima, bila kiungo, limeshikwa kwa riveti pembeni tu na gundi kwenye mbavu. Katikati hatukutoboa hata tundu moja, na Mzee alijivunia hilo kama mtu aliyejenga kanisa.

Niliingia ndani na chaki. Nilizungusha maduara, wakaziba, nikaingia tena, wakaziba, mpaka siku moja saa sita mchana nikakaa humo nikangoja nyota na hazikutokea. Giza tupu. Niliinua mkono mbele ya uso na sikuuona. Nikagonga mara mbili, na Mzee aliponifungulia akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa. Alirusha kofia juu. Ikatua kwenye rangi.

Nikarudi bweni nikiwa na furaha ambayo sikumwambia mtu.

Likizo ya Agosti nilipoingia karakana, trela ilikuwa uani. Ilikuwa imepakwa silikoni kila mahali, juu ya silikoni ya zamani silikoni mpya, kama keki ya harusi iliyotengenezwa na mtu mwenye hasira. Mzee alikuwa anakata nondo za geti na hakuniangalia.

"Inavuja," Kiprono akaninong'oneza. "Imerudi mara ya kwanza, tukaziba. Imerudi tena, tukaziba na ile ya bei. Ndiyo ikawa mbaya kabisa. Mikate ya juu inafika imelowa, shule zinarudisha. Mzee halali."

"Inavuja wapi?"

"Si ungeniambia wewe? Wewe ndiye jicho."

Hilo liliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyetikisa kichwa.

Mchana huo Mama Njeri akaja mwenyewe. Hakusalimia.

"Mzee Barasa, mimi niliagiza trela. Nyinyi mmenitengenezea bafu."

"Mama, hiyo paa haina tundu. Naapa."

"Usiape. Mimi sijui tundu, najua mkate. Nimepeleka mkate wa kunyonya kama sponji kwa watoto wa watu." Akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa unga, akaunyunyiza kwenye sakafu ya trela kama mtu anayetayarisha meza ya kukandia. "Nyinyi mnasema haivuji. Sawa. Unga utasema. Kila tone linaacha alama. Ijumaa asubuhi napita hapa na mikate moto nikielekea Burnt Forest. Tutafungua mbele ya kila mtu. Kukiwa na tone moja, mnang'oa hilo sanduku hapo hapo mniachie magurudumu. Nitafunika na turubai kama watu wa viazi."

"Turubai?" Mzee akasema. "Juu ya chasisi yangu?"

"Juu ya chasisi yangu," Mama Njeri akasema, na akaifunga trela nyuma ya pikapu akaenda nayo.

Lazima mwelewe uzito wa jambo hilo. Kulikuwa na mwanamume wa Burnt Forest, mfugaji wa kuku, aliyekuwa amesema akiona trela ya Mama Njeri inafanya kazi ataagiza yake. Alikuwa mtu wa kwanza kuitaka baada ya Mama Njeri. Mzee Barasa alikuwa amekwisha kutuambia bila mzaha: sanduku liking'olewa, hakuna trela tena katika ua huu, tunarudi kwenye mageti mpaka azikwe, na geti la kaburi atajichomelea mwenyewe.

Ijumaa ilikuja na baridi ile ya Agosti inayouma pua. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati, lakini mvua haikuwepo, na usiku kucha haikuwa imenyesha. Mama Njeri alinyunyiza unga upya, akapakia mikate ikitoka tanuri, kwa sababu kantini zinaitaka mapema, na akaingia uani kwa kupiga honi. Mwanamume wa kuku alikuwa amefuata na gari lake. Majirani wa ua wa pili walikuja wakiwa na vikombe vyao vya chai. Kama kuna kitu ninachoogopa, ni watu walio na vikombe wakingoja kuona kitu.

"Sailensa," Mzee akasema. "Ingia kabla hatujafungua kwa watu. Angalia."

Akafungua nusu ya mlango, nikajipenyeza, akafunga.

Humo ndani kulikuwa na joto kama jikoni kwa shosho, bibi yangu. Mikate ilikuwa imepangwa kwenye trei pande zote, na katikati kulikuwa na njia ndogo ya kusimama. Nilingoja nyota. Nje mwanga ulikuwa hafifu, lakini Kiprono alikuwa akizunguka na tochi kubwa kila upande, polepole, kama tulivyozoea siku za mawingu. Hakuna nyota. Giza lilelile la Aprili, giza safi.

Halafu tone likaniangukia shingoni.

Nilisimama. Nje hakuna mvua. Likaanguka lingine. Niliwasha tochi yangu ndogo nikaielekeza juu, na paa zima, katikati pale tulipokataa kutoboa, lilikuwa limejaa matone madogo madogo, yanametameta, yamekaa kila mahali sawasawa kama jasho kwenye paji la uso. Niligusa ukuta. Umelowa. Niligusa pembeni kwenye riveti na silikoni, pale ambapo maji yangeingilia. Hakukuwa kumelowa zaidi. Niliangalia chini kwenye unga. Vidonge vidogo vya unga vilikuwa vimejipanga kwa mistari, mstari chini ya kila ubavu wa paa, ubavu baada ya ubavu, na pembeni kwenye viungo unga ulikuwa mweupe bila alama.

Kwetu mama yangu huchemsha githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria kubwa, na kazi yangu ni kufunua. Kifuniko kile hakina tundu. Ukikiinua, kinakumwagia maji mkononi kila siku ya Mungu.

Nilijua. Nilijua kabisa, nikiwa hapo gizani na mikate. Mikate ilikuwa inapumua, na sisi tulikuwa tumeifunga mdomo. Kila safari Mzee na Kiprono walipoongeza silikoni, waliifunga zaidi. Kilichobaki ni kutoka nje na kusema hivyo mbele ya watu wote wale na vikombe vyao, kumwambia Mzee Barasa kwamba kazi yake ilikuwa nzuri mno.

Mdomo ulikataa. Nawaambia ukweli, nilifungua mdomo humo ndani nikajaribu kwa sauti ndogo, hata mikate isisikie, na haikutoka. Lakini chaki ilikuwa mkononi.

Nilichora maduara makubwa, makubwa kuliko nyota yoyote. Mawili mbele, chini karibu na sakafu. Mawili nyuma, juu karibu na paa. La mwisho likawa kama yai. Nikagonga mara mbili.

Mzee akafungua mlango wote. Mvuke ukatoka kama pumzi ya ng'ombe asubuhi, ukaenda kwa watu, na harufu ya mkate ikawafika wenye vikombe. Mama Njeri akatazama unga, akaona vidonge.

"Haya," akasema kwa upole, na huo upole ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Leteni spana."

Kiprono alikuwa ameshaingia na bunduki ya silikoni, maskini, anataka kuokoa jahazi. Akainama kwenye duara la kwanza, akapitisha kidole, akakipitisha tena.

"Sasa wewe Sailensa. Hapa hakuna tundu."

Akamgeukia Mzee.

"Mzee, hakuna tundu! Amechora kwa shiti nzima! Huyu amelala huko ndani na joto."

Watu wakacheka. Mzee Barasa hakucheka. Alikuwa anaangalia yale maduara na mimi, maduara na mimi.

"Nanjala," akasema. "Hapo kuna tundu?"

"Hakuna," nikasema.

"Hatusikii!" mtu mmoja mwenye kikombe akapiga kelele.

"Hakuna tundu," nikasema, na safari hii ilitoka kubwa mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. "Najua hakuna. Leteni drili."

Wenye vikombe wakasogea karibu.

"Unataka nitoboe?" Mzee akauliza. "Trela yangu?"

"Haivuji, Mzee. Angalia unga. Pembeni ni mweupe. Maji yameanguka katikati, chini ya mbavu, na juu ya mbavu shiti ni nzima, wewe mwenyewe ulikataa itobolewe. Na leo mvua iko wapi? Ni mvuke wa mikate. Ni kifuniko cha sufuria. Hauna pa kutokea." Nilikuwa nimesema maneno mengi kuliko ya muhula mzima, na yalikuwa bado yanakuja. "Mbele chini hewa iingie, nyuma juu itoke. Tuweke kofia ya bati inayoangalia chini, na waya wa nyavu, mvua na vumbi visiingie."

Mama Njeri alimgeukia Mzee. "Huyu ni nani? Mbona hamkuwa mnamtuma yeye kuongea na wateja?"

"Alikuwa nyuma ya geti," Mzee akasema.

Kiprono alibaki ameshika silikoni yake. "Lakini Mzee, tumeziba miezi yote hii. Sasa tutoboe?"

Mzee Barasa alinyoosha mkono bila kumtazama. "Chaki haibishaniwi. Lete drili."

Halafu akanipa mimi.

Nitawaambia kitu kuhusu kutoboa shiti ambayo umeiziba mwenyewe. Drili inapopenya, kuna mlio mdogo kama mtu anayeshtuka, na mwanga unaingia. Tulishusha trei zilizo karibu, nikatoboa kuzunguka duara lote, Kiprono akakata katikati kwa patasi, na mwanga ukaingia kwenye trela ambayo nilikuwa nimejivunia kwamba ni giza tupu. Hewa ilianza kupita mara moja. Mama Njeri aliweka kiganja kwenye tundu la nyuma akasema, "Ngai, inapumua kweli." Mikate ya siku hiyo ilipelekwa na pikapu kwa zamu mbili, na madereva wa zamu hizo walikuwa yeye na mwanamume wa kuku, ambaye hakutaka kukosa mwisho wa hadithi.

Kofia za bati tulizikunja siku hiyo hiyo. Mzifanye ndefu kuliko mnavyofikiri, na pembe zake mzipige riveti mbili mbili, kwa sababu upepo wa barabarani huzing'oa. Na hapo kwenye kofia, silikoni inaruhusiwa. Kiprono alipaka kwa mapenzi makubwa. Tulimwachia.

Jumatatu mvua ilinyesha, mvua ya kweli, ile ya kupiga mabati mpaka hamsikilizani. Mama Njeri alifika ameipakia mikate moto, akachota unga, akanyunyiza sakafuni bila kusema neno, akafunga mlango, na akaweka kufuli na ufunguo akatia kifuani. Akatuita mimi na Mzee tupande mbele naye. Njia yote mpaka Burnt Forest malori yalitumwagia matope. Mzee alishika magoti. Mama Njeri aliimba nyimbo za kanisa, zile zenye beti nyingi.

Kwenye kantini ya kwanza mvua ilikuwa bado inanyesha. Alishuka, akafungua kufuli, akafungua mlango wa kulia, kisha wa kushoto, akasimama akituzuia kwa mgongo wake mpana. Mzee Barasa alivua kofia, katikati ya mvua.

Mama Njeri aliinama, akachota kitu sakafuni, akageuka. Alikuwa ameshika unga kwenye kiganja. Mkavu. Akaupuliza, ukapeperuka, ukatua kwenye koti la Mzee na kwenye uso wangu, na ukageuka uji hapo hapo kwa mvua. Kisha akatoa mkate wa trei ya juu kabisa, akaumega, akatugawia. Ulikuwa mkavu nje na moto ndani. Tukala tumesimama kwenye matope, sisi watatu, na wanafunzi walikuwa wamejipanga dirishani wakitushangaa tukicheka.

"Turubai," Mama Njeri akasema mdomo umejaa. "Nilisema mimi turubai!"

"Ulisema," Mzee akasema. "Mimi nilisikia."

Mwanamume wa kuku aliagiza wiki hiyo. Yeye mwenyewe alituuliza matundu yatakuwa wapi. Tangu hapo ubao wa nje umeandikwa upya na mtauona mkiingia: TRELA ndiyo iko juu, kwa herufi nyekundu, na mageti yamesukumwa chini karibu na nyasi. Kila trela tunayoitengeneza tunaiziba kwanza kabisa, mpaka giza liwe tupu, kwa sababu tundu usilolichagua ni adui. Halafu tunaingia na chaki mara ya pili, tunachora yale tunayoyachagua, na tunatoboa. Duara la kuziba ni dogo. Duara la kutoboa lina msalaba katikati. Hiyo ya msalaba niliileta mimi, baada ya Kiprono kuziba moja kwa mazoea.

Sasa nimemaliza Form Four, na nimepata nafasi chuo Kisumu kusomea mitambo. Jumamosi, kabla ya soda, Mzee aliniambia kuna trela moja ya maziwa imeisha, niifanyie jicho la mwisho. Matundu ya kupumua yalikuwa yamesokomezewa matambara ili giza liwe zuri. Niliingia na chaki, wakafunga.

Nilikaa humo kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nyota hazikutokea hata moja. Nikagonga mara mbili.

Nje grainda ya kukatia vyuma ilikuwa inapiga kelele. Nikagonga tena. Nikasikia Kiprono akisema, "Umesikia kitu?" na mwingine akasema hapana, na grainda ikaendelea. Hapo zamani ningekaa chini nikangoja mtu akumbuke.

Nikapapasa ukuta wa nyuma nikapata tambara, nikalivuta, mwanga ukaingia usoni. Nikaweka mdomo kwenye tundu.

"Iko sawa!" nikapiga kelele. "Fungueni, trela iko sawa!"

Grainda ikazimwa. Mama anayechoma mahindi ng'ambo ya barabara akaitikia, "Tumesikia!" Na Mzee Barasa alipofungua mlango hakuniuliza kwa macho. Alikuwa amekwisha kuwaita wenye trela waje waichukue.